Mkubwa Hakai Mlangoni

Bishkek, 18 Oktoba

Kwa Bi Kalipa Jumalieva,
Mkuu wa Ofisi ya Usajili wa Vizazi, Ndoa na Vifo, Koksai

Bi Kalipa,

Salaam. Nimekuandikia barua pepe mara tatu, hujanijibu hata moja. Nimepiga simu ofisini, akapokea binti mmoja akaniambia una wageni. Nikapiga tena, akaniambia unakunywa chai. Sasa naandika kwenye karatasi kama enzi za babu yangu, na barua hii nampa Satar, dereva wa gari la Koksai, kwa sababu kila mtu hapa kituoni ananiambia yeye ndiye posta yenu.

Nilipokuja kwenu Septemba kufundisha kompyuta, niliwapa jaribio la kwanza. Matokeo yametoka, na ni aibu tupu. Mko wanne, na hakuna aliyevuka alama ishirini kati ya mia. Wewe ndiye uliyepata hizo ishirini. Anarkan amepata kumi na tisa, Zuura kumi na saba, na Meerim, ambaye faili lake linasema amehitimu chuo, kumi na tano. Nimezunguka wilaya nyingi mwaka huu, Bi Kalipa. Kuna mlinzi wa geti huko kusini aliyepata arobaini kwa kubahatisha.

Wakubwa wangu wanasema mfanyakazi hajifunzi mpaka apate cha kumsukuma. Kwa hiyo nawatumia Ubao wa Washindi. Ni wa bati, una fremu ya rangi ya dhahabu, na vibao vya majina vinachomekwa kwa mpangilio wa alama, aliyeongoza juu, wa mwisho chini. Utundikeni mahali ambapo kila anayeingia atauona. Na kuanzia mwezi ujao, atakayeongoza atazawadiwa chupa ya chai.

Tafadhali nijibu kwa barua pepe.

Kubat Esenov,
Mkufunzi


Koksai, 27 Oktoba

Mwanangu Kubat,

Waalaikumu salaam. Barua imefika, na ubao umefika, ila umebonyea kona moja kwa sababu Satar aliuweka chini ya gunia la viazi. Hizo barua pepe sikuziona. Kompyuta ya mezani kwangu nimeifunika kitambaa tangu ulipoondoka, isije ikaingia vumbi la makaa.

Umeanza kwa kulalamika, basi na mimi nilalamike. Kwanza, Septemba uliingia ukasalimia kuanzia mlangoni, ukampa mkono Meerim kabla yangu. Nimekusamehe, wewe mtoto wa mjini. Pili, chai yetu uliinywa umesimama. Meerim alikuwa amekaa karibu na mlango na birika lake, kama anavyokaa mdogo popote pale, akakujazia kikombe kwa adabu, na wewe ukakipokea huku unaongea na simu. Tatu, ukatangaza kwa sauti kubwa kwamba kompyuta ni rahisi, hata mtoto anaiweza. Mimi nina miaka sitini na moja. Kila mtoto aliyezaliwa bonde hili tangu enzi za Wasovieti, jina lake nimeliandika kwa mkono huu. Halafu naambiwa hata mtoto anaiweza!

Kuhusu matokeo, nimeshangaa. Nilidhani mimi ndiye mzigo wa ofisi, kumbe ndiye wa kwanza! Ubao nimeutundika ukuta wa juu ya jiko, na wanaokuja kuandikisha watoto wanausoma na kunipongeza. Wale watatu nimewakemea. Nimemwambia Meerim, "We binti, miaka yote ile Bishkek ulikuwa unasomea nini, kupaka rangi kucha?" Akainamisha kichwa, akanijazia chai.

Sasa niambie wewe mwalimu. Kama aliyesoma chuo anapata kumi na tano, mimi wa kalamu na wino nijisumbue kwa nini? Ni hiyo mashine yenu ndiyo mbovu. Na kazi inakwenda vizuri tu. Naandika kwenye daftari kubwa kama siku zote, na Anarkan ananiambia majina yanaonekana huko kwenu.

Chupa ya chai itume. Iliyopo inavuja.

Kalipa


Bishkek, 23 Novemba

Bi Kalipa,

Nilisema barua pepe.

Chupa ya chai nimempa Satar, kwa shingo upande, maana kumzawadia mtu kwa kuongoza na alama ishirini na mbili kunanitia haya. Ndiyo, jaribio la pili, lile la karatasi nililompa Satar awaletee, limetoka. Wenzako wamejipanga chini yako kama kawaida, Meerim mkiani.

Nimejaribu kila dawa ninayoijua. Nimewatumia masomo ya video. Nimewatumia vyeti vyenye muhuri. Nimewapa nyota za pongezi, na nyota hizo huko wilaya nyingine watu wazima wanazigombania kama peremende. Nimempigia simu Zuura, naye akaniambia, "Tunajitahidi, mwalimu," kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Mimi si mtoto! Mimi nina mkuu wangu wa kazi ambaye kila Jumatatu ananiuliza, "Na Koksai?" Nimeanza kulichukia jina la Koksai.

Sasa nisikilize vizuri, maana mzaha umekwisha. Idara imeamua kwamba kufikia mwisho wa Machi kila mfanyakazi wa kila ofisi awe amefikisha alama sitini. Hawatachukua wastani, wanamtazama kila mtu. Ofisi ambayo hata mmoja wake atashindwa itafungwa, na kazi yake itahamishiwa makao ya mkoa, ng'ambo ya mlima. Sheria hii sikuitunga mimi. Nilimwambia mkuu wangu kwamba theluji ikianguka njia ya mlimani hufungwa, na mama mwenye kichanga hawezi kuvuka kule kwa ajili ya cheti. Akanijibu, "Basi wafundishe, wafaulu."

Nitakuja Januari kwa jaribio la tatu. Nawaomba.

Kubat


Koksai, 9 Desemba

Mwanangu Kubat,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa.

Juzi alikuja mtu wa malisho ya juu, amepanda farasi, ndevu zake zimeganda barafu. Mama yake amefariki. Nilimkalisha, akanywa chai, akanieleza mama alivyokuwa, nami nikaandika. Mtu huyo ukimwambia avuke mlima ili akaseme "mama yangu amekufa" kwenye dirisha la kioo, hatakwenda. Atamzika na kunyamaza, na yule bibi atabaki hai kwenye karatasi zenu mpaka kiama. Ofisi hii ikifungwa mimi sitajali pensheni wala kiti. Atakayenikosesha usingizi ni huyo mtu wa farasi.

Kwa hiyo nimeifunua kompyuta, bila ya chupa yako wala nyota zako. Nimekaa nayo wiki nzima, na nakuambia, haina adabu. Kile kipanya nikikisukuma kulia, mshale unakimbilia dirishani. Nikibofya mara moja inataka mara mbili, nikibofya mara mbili inafungua kitu ambacho sikukiomba. Ikanitaka neno la siri. Nikaandika jina la marehemu mume wangu, ikaniambia ni dhaifu. Dhaifu! Mume wangu alikuwa anabeba kondoo wawili begani.

Nikamwuliza Meerim, "Wewe unafanyaje hapa?" Akasema, "Hata mimi pananishinda, mama." Nikaifunika tena. Kama inatushinda sote, tatizo si mimi. Njoo Januari ufundishe polepole, na ukae chini unapokunywa chai.

Nakutumia kurut, mfuko mdogo. Ukila maziwa makavu yenye chumvi labda utapunguza hasira.

Kalipa


Bishkek, 21 Januari

Bi Kalipa,

Nimerudi mjini jana, na hasira zangu hazijapungua kwa kurut wala kwa barabara.

Nitasema wazi. Mna mwongo ofisini. Asubuhi ile niliyofika mapema, ninyi wengine hamjaja, nilisimama mlangoni nikipangusa theluji kwenye viatu. Ndani alikuwamo Meerim, na baba mmoja aliyekuja kuandikisha pacha. Hakuniona. Bi Kalipa, yule binti anaandika kwa vidole kumi bila kutazama herufi! Alifungua fomu, akajaza, akagundua namba ya kitambulisho cha baba imekosewa makao makuu, akairekebisha, akatoa vyeti viwili, huku anamtania yule baba kwamba pacha wote wawili wamefuata pua yake. Mimi mwenyewe nisingemaliza haraka vile, na mimi ndiye mwalimu.

Mchana wa siku ileile nikawapa jaribio. Akakaa mbele ya mashine hiyohiyo, akaanza kutafuta herufi kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa. Akapata kumi na tisa. Wewe ishirini na nne.

Nilimwita nje nikamwuliza, "Unamdanganya nani?" Akanitazama machoni, akasema, "Mwalimu, viatu vyako vimelowa, ingia ndani ukae karibu na jiko." Jamani! Nimesafiri siku nzima kwenye gari la Satar, magoti yangu yamegusana na kidevu, nije nichezewe hivi?

Nitaandika ripoti kwamba anahujumu mafunzo. Atafukuzwa. Na wewe, naomba unisamehe kwa ukweli huu, umeshapita umri wa kustaafu. Ukiondoka sasa, huenda hao waliobaki wakaamka. Fikiria.

Kubat


Koksai, 24 Januari

Kubat,

Usiandike ripoti yoyote. Umeona kwa macho, lakini hukuelewa. Nami nilikuwa na macho muda wote, wala sikuona. Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni.

Kwetu mdogo hapiti mbele ya mkubwa. Hakai juu yake. Hapeleki mkono sahanini kabla yake. Mkubwa anakaa ndani kabisa, mkabala na mlango; mdogo anakaa mlangoni na birika. Hakuna anayetufundisha, tunazaliwa nayo. Na wewe ukaleta jaribio, kisha ubao wa bati utundikwe ukutani, ukawauliza wanawake watatu mbele ya watu wote: nani akae juu ya Kalipa? Wakakujibu. Anarkan chini yangu kidogo, kwa sababu ananifuata umri. Zuura chini ya Anarkan. Meerim mlangoni. Wewe ukaziita alama.

Niliposoma barua yako nilinyanyua macho nikautazama ule ubao, jina langu juu kabisa linameremeta. Nilimwita Meerim. Nikamwuliza, "Ukitaka, unaweza kupata ngapi?"

Akasema, "Unataka nipate ngapi, mama?"

Nimekaa kwenye kiti kile miaka mingi, sijawahi kuona aibu ya namna hiyo. Nikawauliza wote watatu nani anayeingiza majina kwenye mashine kila siku. Wakatazamana. Nikaelewa kwamba sikuhitaji kuuliza. Nilikuwa najisifu mbele ya watu kwa kuongoza, kumbe watu wazima watatu wameinama ili mimi nionekane mrefu. Nimewafokea wote. Nimeushusha ubao. Anarkan anaukandia unga wa tambi, umefaa, ni mpana.

Umesema nistaafu. Una maneno makali lakini mara hii hesabu yako ni sahihi. Nikitoka, hawana wa kumwinamia. Watapanda, ofisi itabaki. Ndani ya bahasha hii kuna barua yangu ya kuacha kazi. Ipeleke wewe mwenyewe.

Kalipa Jumalieva


Koksai, 28 Januari

Kaka Kubat,

Mimi ni Meerim. Samahani kwa kukujibu kuhusu viatu siku ile. Vilikuwa vimelowa kweli.

Satar ametuambia Mama Kalipa amekutumia bahasha nene, na mama mwenyewe ameanza kugawa vitu vyake vya mezani. Zuura amepewa mkasi, Anarkan amepewa mto wa kiti. Mimi amenipa kalamu yake. Kwa hiyo tunajua kilichomo kwenye bahasha.

Kaka, acha nikueleze. Baba yangu alipofariki nilikuwa darasa la nane. Mama Kalipa hakuandika tu cheti, alikuja nyumbani akakaa na mama yangu mpaka akaweza kula. Nilipotoka chuo, wakubwa walikuwa na mtu wao wa nafasi hii, lakini Mama Kalipa akamkataa katakata mpaka nikaipata mimi. Kisha unataka jina langu likae juu ya lake, ukutani, mbele ya watu? Hapana. Nifukuze.

Ni kweli, naingiza majina yote mimi, asubuhi kabla hajafika. Anarkan na Zuura nao wanajua vizuri tu. Nimewafundisha jikoni kwa Zuura, tukiwa tunakanda unga. Tulidhani tunamfichia aibu. Sasa naona tulimfungia mlango, maana kila aliponiuliza nilimwambia hata mimi pananishinda, akaifunika mashine akaenda zake. Kosa hilo ni letu, nalikubali, na linaniuma.

Lakini akiondoka ili sisi tupande, hatupandi. Tumekubaliana wote watatu. Peleka barua yake, na Machi tutapata kumi na moja, sote, sawasawa. Mtaifunga ofisi hata kama yeye hayupo. Bila yeye hatufaulu.

Usimwambie nimekuandikia.

Meerim


Bishkek, 3 Februari

Mama Kalipa,

Meerim ameniandikia. Ameniomba nisikuambie, nami nakuambia, kwa sababu nimechoka na ninyi nyote na adabu zenu.

Barua yako ya kuacha kazi nakurudishia. Wasichana wako wamesema ukitoka watapata kumi na moja kila mmoja, kwa makusudi. Nimewaamini. Wanawake wanaoweza kupanga kufeli kwa tofauti ya alama moja au mbili, wakarudia mara tatu bila kukosea, hawatanii. Katika kazi yangu yote sijaona wafanyakazi hodari kama hao, na ripoti yangu inasema ndio wa mwisho nchini. Nikifikiria hilo kichwa kinaniuma.

Hali ndiyo hii. Ukiondoka, ofisi inafungwa. Ukibaki bila kujifunza, inafungwa. Hawatakupita, na hawatakuacha. Imebaki njia moja tu, nayo ni wewe kufikisha sitini. Ile ripoti ya kumshtaki Meerim nimeichana.

Chupa ya chai ya pili sileti. Nimekwisha elewa kwamba kilichokosekana hakikuwa chupa.

Kubat


Koksai, 22 Februari

Mwanangu Kubat,

Wameniteka nyara! Mtu mzima, mkuu wa ofisi, ametekwa nyara na watoto wake kwa heshima! Mkubwa jalala, kila kitu kinatupiwa kwake, hata mashine.

Barua yako ilinikuta asubuhi. Nikaisoma, nikavaa koti, nikatoka nje kwenye theluji nikatukana kidogo, farasi wa jirani akanitazama. Nikarudi ndani nikamwambia Meerim, "Inuka hapo mlangoni." Akainuka. "Nenda ukakae kwenye kiti changu." Akagoma. Akasema, "Mkubwa hakai mlangoni, mama." Nikamwambia, "Mashine hii uliigusa ukiwa na miaka saba. Mimi nimeigusa Desemba. Kwa umri wa mashine, wewe ni bibi yangu na mimi bado nabembelezwa kwenye susu. Kaa!" Akakaa, kwenye ncha ya kiti, kama paka aliyekaribishwa mezani. Mimi nikakaa mlangoni. Nikashika birika, nikamjazia chai. Akalia. Anarkan akalia. Zuura akasema ni moshi wa makaa.

Nilidhani binti mpole atakuwa mwalimu mpole. Kubat, yule ni mkali kama pilipili! Amenifunika mikono kwa kitambaa nisitazame herufi. Nikikosea hasemi kitu, anafuta tu, ananitazama, nami naanza upya. Juzi nilimwambia nimechoka, mgongo unauma, akanijibu, "Mtu wa farasi amechoka zaidi, mama." Niliyasema mimi hayo maneno! Nimeyasema mbele yao mara ngapi, leo nachapwa nayo.

Nalala naota fomu. Naamka nimekasirika. Neno la siri nimepata, ni jina la mume wangu na idadi ya kondoo wake, na sasa mashine inasema lina nguvu. Ilipaswa kujua tangu mwanzo.

Jana nimeandikisha mtoto mwenyewe, kuanzia mwanzo mpaka cheti kikatoka kwenye mashine ya kuchapa. Msichana, kutoka kijiji cha juu. Nimechukua muda mrefu mpaka mtoto akanyonya, akalala, akaamka akanyonya tena. Baba yake hakulalamika. Sitini bado iko mbali, jana kwenye zoezi la Meerim nimepata arobaini na moja.

Njoo mwisho wa Machi. Usiniongezee hata nusu alama, nitajua.

Kalipa


Bishkek, 2 Aprili

Mama Kalipa,

Matokeo yamepitishwa leo, na sitaki uyasikie kwa Satar.

Anarkan themanini na sita. Zuura themanini na nne. Meerim tisini na nane, ya juu kuliko wote mkoani. Mkuu wangu aliniuliza kama nimekosea kuandika. Na wewe sitini na moja. Sikuongeza kitu. Lile swali la mwisho nililisahihisha mara tatu, nikitafuta pa kukunyima, kwa sababu nilijua utauliza.

Koksai haifungwi.

Nilikuona kabla ya kuanza ukimwinamia Meerim sikioni. Sikuelewa ulisema nini, lakini nilimwona akitikisa kichwa, kisha akikubali huku anauma mdomo.

Sasa nina shida. Idara inataka ripoti yenye kichwa hiki: ni nini humsukuma mfanyakazi kujifunza kompyuta kazini. Wanataka kujua kama ni ubao, nyota, au chupa, ili wapeleke wilaya nyingine. Nimekaa na ukurasa mtupu tangu asubuhi. Niandike nini?

Na ubao naomba mniambie uko wapi, ni mali ya Idara.

Kubat


[Barua pepe, 6 Aprili]

Kubat. barua yako iko kwa Satar. Ameondoka alfajiri, teremka kituoni ukaichukue. usichelewe kurut zitakanyagwa. KALIPA


Koksai, 5 Aprili

Mwanangu Kubat,

Barua pepe umeipata, natumaini. Sasa najua kuandika, kwa hiyo usinisumbue tena. Lakini kurut haipiti kwenye waya, na mambo mengine pia hayapiti, ndiyo maana hii naiandika kwa kalamu. Nimeiazima kwa Meerim ile kalamu yangu. Amesema nimrudishie.

Unauliza nilimwambia nini sikioni. Nilimwambia, "Leo ukiniinamia, nitakuwa nimekufa bure. Nipite. Pita na usigeuke nyuma." Akanipita. Mwenyewe umeona alivyonipita, hata vumbi lake sikuliona.

Kuhusu ripoti, waandikie wanachopenda kusoma. Andika chupa ya chai, watafurahi. Mimi nitakuambia wewe, kwa sababu umechana ile karatasi ya Meerim na umejifunza kukaa unapokunywa chai. Sikujifunza kwa nyota. Kwa kutishiwa nilijifunza wiki moja, nikaacha. Nilijifunza siku nilipojua kuna watu wanapunguza kimo chao kwa ajili yangu, na kwamba wataendelea kukipunguza mpaka paa lituangukie sote, kwa mapenzi. Hilo sikuweza kulivumilia. Nilikasirika, Kubat. Nina hasira mpaka leo. Nawapenda sana, na nina hasira.

Ubao upo. Tumeuosha unga. Baada ya matokeo kufika nilichomeka majina kwa mkono wangu mwenyewe: Meerim juu, Anarkan, Zuura, na Kalipa chini kabisa. Wakanisihi. Nikawaambia kila mmoja amelipata alilolipata, na mimi sioni haya kukaa mlangoni kwa kitu nilichokianza juzi. Nikautundika palepale juu ya jiko. Nilikwenda nyumbani roho imetulia.

Asubuhi nimeingia, nikakuta wameugeuza kichwa chini miguu juu. Majina yote yamepinduka, na la kwangu liko juu kabisa. Nikauliza ni nani, kila mtu akashika kazi yake. Nikapanda kwenye kiti niugeuze, wamekaza misumari, haugeuki. Meerim alikuwa kwenye mashine, anaandika kwa vidole kumi, hata hakuinua kichwa.

Yule mtu wa farasi amekuja leo, amepata mtoto. Wakati namjazia fomu alisimama mbele ya jiko, akapinda shingo mpaka kofia ikamdondoka, akasoma.

"Hongera, mama," akaniambia. "Umeongoza."

Nikamwambia akae, chai inapoa.

Kalipa